Vitu vya kale Uingereza: uende Hungerford, Tetbury, Lewes au Horncastle?

Anayeishi London au Birmingham, na hata anayekuja kumtembelea ndugu yake kwa wiki mbili, mara nyingi ana Jumamosi moja tu ya kwenda nje ya jiji kutafuta vitu vya kale. Miji midogo yenye maduka hayo ni mingi, na kwenye picha yote inafanana: barabara moja kuu, nyumba za matofali au mawe za miaka ya 1700, kengele inayolia mlango ukifunguliwa, kiti cha mbao kimewekwa nje kuvuta macho ya wapita njia. Tofauti unaiona ukishaanza kuuliza bei.

Nimechagua miji minne ambayo kila mmoja una nafasi yake katika biashara hii. Hungerford uko Berkshire, magharibi ya London. Tetbury uko Gloucestershire, kwenye vilima vya Cotswolds. Lewes uko Sussex Mashariki, karibu na pwani ya kusini. Horncastle uko Lincolnshire, mbali kaskazini mashariki, na watu wengi wa London hawajawahi kuusikia.

Kwanza ujue jambo moja linaloeleza karibu tofauti zote za bei. Biashara ya vitu vya kale ina mkondo kama mto. Mzee anafariki, familia inamwita dalali, kabati lake linakwenda mnadani. Mtu mwenye gari la mizigo analinunua na kumpelekea mwenye duka. Mwenye duka analisafisha, analirekebisha mguu uliolegea, analipaka nta, analiweka dirishani. Kila mkono unaongeza chake. Ukinunua karibu na chanzo unalipa kidogo, lakini kusafisha, kukarabati, kubeba na kubahatisha ni juu yako. Ukinunua karibu na mdomo unamlipa mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyo, na mara nyingi anastahili. Kwa hiyo ukiambiwa mji fulani ni ghali, uliza kwanza uko wapi kwenye mkondo huo.

Vigezo nilivyotumia kwa kila mji ni hivi: unafikaje, kuna vitu gani, bei ikoje na unaweza kupatana kiasi gani, mji wenyewe una nini kwa mwenzako asiyejali vikombe vya zamani, na mwisho unamfaa nani. Kukagua na kusafirisha nimevitenga chini, kwa sababu havibadiliki kwa mji.

HUNGERFORD

Kufika. Ndio rahisi kuliko yote kwa asiye na gari upande wa magharibi ya London. Treni inaondoka stesheni ya Paddington na safari ni kama saa moja, ingawa baadhi ya treni zinakutaka ubadilishe Reading au Newbury. Kutoka stesheni hadi barabara kuu ni dakika chache kwa miguu. Mwenye gari anatoka M4 kwenye makutano namba 14.

Vitu. Jina utakalolisikia ni Hungerford Arcade. Kwa nje ni duka tu. Ndani ni ghorofa mbili za vibanda, zaidi ya 100, kila mwenye kibanda na kabati lake la vioo au kona yake. Hapa kuna vitu vidogo kwa wingi: vijiko vya fedha, pete, saa za mfukoni, medali za vita, vikombe, vitabu, chupa za dawa za enzi za Malkia Victoria. Samani zipo, lakini si sababu ya kuja huku. Maduka mengine yako kwenye barabara hiyo hiyo, na ukitembea taratibu unayamaliza yote mchana mmoja.

Bei. Bei ni za kati. Ila elewa utaratibu wa majengo ya vibanda, kwa sababu unawachanganya wengi: aliyekaa kaunta si mwenye mali. Yeye anafungua kabati, anapokea pesa na kuandika risiti. Anaweza kuruhusiwa kupunguza kidogo, pengine asilimia 10 kwa kitu cha bei ya maana, na kwa zaidi ya hapo atampigia simu mwenye kibanda. Faida yake ni kwamba unatazama saa nzima bila mtu kukusimamia kichwani. Hasara yake ni kwamba huna wa kumuuliza kitu hiki kilitoka nyumba gani.

Mji. Mfereji wa Kennet na Avon, uliokamilika 1810, unapita katikati ya mji, na mashua ndefu za rangi rangi bado zinapita. Katika hoteli ya Bear, Desemba 1688, William wa Orange, aliyekuja na jeshi kutoka Uholanzi, alikutana na wajumbe wa Mfalme James II, siku chache kabla mfalme hajakimbia nchi. Na Jumanne ya pili baada ya Pasaka wenyeji wana sikukuu yao ya Hocktide, ambapo wanaume wawili hupita nyumba kwa nyumba na fimbo zilizopambwa maua, wakidai busu kutoka kwa wakazi. Ukiangukia siku hiyo, waache wauzaji kidogo ukatazame.

Unamfaa nani. Anayeanza, mwenye bajeti ndogo, na mwenye begi moja tu la kurudi nalo nyumbani.

TETBURY

Kufika. Reli ya Tetbury ilifungwa 1964. Leo unashuka stesheni ya Kemble, saa moja na robo hivi kutoka Paddington, halafu unamalizia maili saba hivi kwa teksi au basi. Mabasi ni machache, kwa hiyo teksi ya kurudi iagize mapema. Gari ni bora zaidi.

Vitu. Hapa ni samani, na samani zilizochaguliwa. Kwenye Long Street na mitaa ya karibu utakuta meza za mwaloni za karne ya 17, vioo vikubwa vya fremu za dhahabu, saa ndefu za kusimama, mazulia, picha za rangi za mafuta, taa za Ufaransa. Maduka mengi yanaongozwa na wenyewe, na wengi wao wamebobea kwenye jambo moja. Kati yao wapo wanaouza mapambo ya nyumba kuliko ukale wenyewe: kitu kinaweza kuwa cha 1920, kimepangwa vizuri, na bei yake inapanda kwa mpangilio huo. Silaumu, ila ujue unalipia nini.

Bei. Uko mdomoni mwa mto. Wateja ni wenye nyumba za mashambani, wapambaji wa London na Wamarekani. Highgrove, nyumba ya Mfalme Charles III tangu iliponunuliwa 1980, iko nje kidogo ya mji, na duka lenye jina hilo liko mjini. Hilo pekee linakueleza mji umezoea wateja wa namna gani. Hata hivyo, usiogope kuingia. Mwenye duka wa Tetbury kwa kawaida anakijua kitu chake, atakuonyesha mguu uliobadilishwa bila kuulizwa, na ataandika kwenye risiti ni cha mwaka gani na ni mbao gani. Maandishi hayo yana thamani kisheria ikiwa kitu kitageuka kuwa sicho. Ukinunua uani mwa mtu kwa pauni 40, hakuna wa kukuandikia lolote.

Kupatana kupo, kwa adabu. Anayetoka Kariakoo au Gikomba asianze kwa kutaja nusu ya bei. Huku hilo linasikika kama tusi na mazungumzo yanaishia hapo. Uliza kwa upole kama bei hiyo ndiyo ya mwisho, kisha nyamaza. Ukimya unafanya kazi zaidi ya hoja. Ukichukua vitu viwili pamoja, punguzo linakua.

Mji. Nyumba ya Soko ya 1655, inayosimama juu ya nguzo nene katikati ya mji, inakukumbusha kwamba utajiri wa hapa ulitoka kwenye sufu. Mpaka leo, mwishoni mwa Mei, watu hushindana kupanda mlima wa Gumstool wakiwa na gunia la sufu mgongoni. Gunia la wanaume lina ratili 60, yaani kilo 27 hivi. Kanisa la Mtakatifu Maria lina mnara mrefu unaoonekana toka mbali. Bustani ya miti ya Westonbirt iko karibu, na watoto watashukuru.

Unamfaa nani. Anayetaka kitu kimoja kizuri kwa ajili ya nyumba yake, anayependa kuelezwa, na aliye tayari kulipia uhakika.

LEWES

Kufika. Treni za moja kwa moja kutoka London Victoria, saa moja na dakika chache. Kutoka Brighton ni kama robo saa. Hakuna haja ya gari, na kwa kweli gari ni mzigo, kwa sababu mitaa ni myembamba na ya mlima, na kuegesha ni taabu. Vaa viatu vya kutembelea.

Vitu. Mchanganyiko mkubwa kuliko miji mingine hapa. Kuna majengo ya vibanda, kuna soko la vitu vikuukuu, kuna maduka ya vitabu vya kale ya kweli, ambayo kwingine yamekufa, na kuna nyumba za mnada. Nguo za miaka ya 1950, sahani za jikoni, vifaa vya useremala, ramani, picha zilizochapwa, viti vya miaka ya 1960 ambavyo vijana wanavipenda kuliko vya Victoria. Kama unapenda karatasi, yaani vitabu, ramani, barua na kadi za posta, Lewes inashinda nyingine tatu bila ubishi. Ramani za Afrika Mashariki za enzi za ukoloni na picha za bandari ya Zanzibar hutokea kwenye makasha ya kadi za posta. Ulizia, kwa sababu wauzaji huzipanga kwa nchi.

Bei. Zinakwenda juu na chini ndani ya mtaa mmoja. Brighton na London ziko karibu, kwa hiyo wapenzi wa mitindo wanapandisha bei za vitu vinavyovuma. Vitu visivyovuma vinabaki rahisi, na ndivyo vya kutafuta.

Mnada unahitaji maneno zaidi. Siku moja au mbili kabla kuna maonyesho: unaruhusiwa kugusa, kupindua, kufungua droo. Jiandikishe, upewe namba, uandike bei yako ya juu kwenye karatasi kabla dalali hajaanza, na usiivuke. Nyundo ikigonga pauni 100, hulipi 100. Nyumba ya mnada inaongeza kamisheni ya mnunuzi, na pamoja na kodi yake mara nyingi inafika robo ya bei au zaidi. Masharti hayo yamebandikwa ukutani na kwenye orodha ya mauzo, yasome. Hata kwa kamisheni hiyo mnada ndio mahali pa kununua samani nzito za mbao nyeusi. Bei zake zimeshuka sana tangu miaka ya 2000, vijana hawazitaki, nyumba zao ni ndogo. Kabati la droo la mahogani la enzi za Victoria, lenye mbao nzito na droo zinazoteleza, linaweza kwenda kwa pauni 100 au 200. Kabati jipya la mbao za kubandika linakaribia bei hiyo hiyo na halitafika miaka 10.

Mji. Pengine wenye mengi kuliko yote manne. Ngome ilijengwa baada ya Wanormani kuivamia nchi mwaka 1066. Thomas Paine, ambaye maandishi yake baadaye yaliwasha Wamarekani kudai uhuru, aliishi hapa kuanzia 1768 hadi 1774 akiwa mtoza ushuru. Na usiku wa Novemba 5 mji mzima unawasha mienge na kuandamana, kwa kumbukumbu ya njama ya 1605 ya kulipua Bunge, na pia ya Waprotestanti 17 waliochomwa moto hapa miaka ya 1550. Ni tamasha la ajabu, lakini siku hiyo barabara zinafungwa, maduka yanapigiliwa mbao na usafiri wa treni unavurugika. Usipange kununua kitu.

Unamfaa nani. Asiye na gari, wenzi wenye ladha tofauti, wapenzi wa vitabu, na anayetaka kujaribu mnada kwa mara ya kwanza.

HORNCASTLE

Kufika. Hapa ndipo wengi wanakata tamaa. Treni za abiria zilikoma 1954. Unakwenda Lincoln kwa treni, kisha unachukua basi la kwenda Skegness linalopita hapa, maili 20 na ushee. Kwa gari unafuata barabara ya A158, na wikiendi za kiangazi barabara hiyo hujaa familia zinazokwenda baharini. Kutoka London si safari ya kwenda na kurudi siku moja kwa raha. Lala Lincoln.

Vitu. Samani za mashambani: meza za jikoni za msonobari, makabati ya vyombo, mabenchi, masanduku ya mablanketi, vifaa vya shamba, vyungu, vitu vya chuma, vioo vilivyochujuka. Vingi havijasafishwa. Utavikuta vimepangwa juu ya vingine, na huna budi kuinama, kuvuta, kuwasha tochi ya simu. Kwa mwenye subira ni raha tupu. Asiye nayo atatoka baada ya dakika kumi akisema ni takataka.

Bei. Chanzo cha mto kiko karibu. Wafanyabiashara wa kusini wamezoea kuja Lincolnshire na magari yao, kununua, na kurudi kuuza kwa bei za kusini; kwa hiyo wenye maduka wa hapa wamezoea kuulizwa bei ya mtu anayenunua kwa wingi. Lipa taslimu, chukua vitu vitatu, beba mwenyewe, na bei inashuka bila mvutano.

Mji. Mdogo, mtulivu, hauna ngome wala mikahawa ya kupigia picha. Vipande vya ukuta wa Warumi bado vipo. Katika karne ya 19 soko lake la farasi kila Agosti lilikuwa mojawapo ya makubwa Uingereza. La mwisho lilifanyika 1948. Mwenzako asiyependa vitu vya kale atachoka mapema hapa, sema ukweli.

Lakini Horncastle usiuhesabu peke yake. Kaskazini ya Lincoln kuna Hemswell, iliyokuwa kambi ya jeshi la anga, ambako majengo ya wanajeshi sasa yamejaa mamia ya wauzaji. Na upande wa pili, Newark, kuna soko la wazi linalofanyika mara kadhaa kwa mwaka, siku za Alhamisi na Ijumaa, lenye nafasi ya wauzaji wapatao 2,500 kwenye uwanja wa maonyesho. Kiingilio cha Alhamisi ni ghali zaidi kwa sababu ndiyo siku ya wafanyabiashara, na vitu vizuri vinaondoka asubuhi hiyo. Ukiunganisha Newark, Horncastle na Hemswell kwa siku tatu na gari la kukodi, umefanya safari ambayo mji wowote wa kusini hauwezi kukupa.

Unamfaa nani. Anayenunua ili auze, anayepamba nyumba nzima au mkahawa, na fundi asiyeogopa vumbi.

KABLA YA KUTOA PESA, POPOTE PALE

Anza na pembe za ndovu, kwa sababu hapa unaweza kuingia matatani na sheria. Sheria ya Pembe ya 2018, iliyoanza kutekelezwa Juni 6, 2022, inakataza kununua na kuuza vitu vya pembe Uingereza, hata vya miaka 150. Misamaha ni michache: kwa mfano kitu cha kabla ya 1947 chenye pembe chini ya asilimia 10 ya ujazo wake, au ala ya muziki ya kabla ya 1975 yenye chini ya asilimia 20, navyo lazima viwe vimesajiliwa. Adhabu inafika kifungo cha miaka 5. Tangu Januari 28, 2025 meno ya kiboko na ya nyangumi kadhaa yameingizwa humo humo. Wengi wananaswa na visu vya mezani vyenye mipini myeupe vya Sheffield na vibao vya piano. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe hizo, zilizobebwa na wapagazi kutoka Tabora hadi Bagamoyo, na sehemu yake iliishia kwenye meza za chakula za Uingereza. Mfupa una vidoti vidogo vyeusi. Pembe ina mistari inayokatizana mahali ilipokatwa. Plastiki ya zamani ina mistari iliyonyooka sambamba. Ukiwa na shaka, muombe muuzaji namba ya usajili. Asiye nayo, achana naye.

Kwenye fedha, tafuta simba anayetembea. Alama hiyo imetumika tangu 1544 kuonyesha fedha halali ya Uingereza, na kando yake kuna alama ya mji: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, taji ni Sheffield hadi 1974. Herufi inayofuata ni ya mwaka. Ukiona EPNS, hiyo ni metali ya mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli iliyopakwa fedha juu. Inapendeza mezani, lakini usiilipe kama fedha. Kwenye kauri, neno England peke yake kwa kawaida linaashiria baada ya 1891, pale Marekani ilipotaka bidhaa zitaje zilikotoka, na Made in England ni la karne ya 20. Mtu akikuapia kikombe chenye maneno hayo ni cha 1850, tabasamu tu.

Samani, vuta droo nje kabisa. Meno ya kiungo yaliyokatwa kwa mkono hayalingani. Ya mashine yanalingana kama yamepigwa muhuri. Geuza kitu uone chini yake. Matundu ya bungua yenye unga mweupe mpya maana yake wadudu bado wako kazini.

Na vya kwetu? Utakutana navyo. Shilingi za Afrika Mashariki zenye simba, zilizotolewa kuanzia 1921, na senti zenye tundu hukaa kwenye trei za sarafu za bei ndogo. Makasha ya misumari ya shaba yanayouzwa kwa jina la Zanzibar yapo pia, mengi yaliletwa na maafisa wa kikoloni. Kumbuka sehemu kubwa ilitengenezwa India na kufika pwani kwa majahazi, na kwamba mengine ni ya kitalii ya juzi juzi. Ila ukikuta kigango cha Wamijikenda kimesimamishwa kama pambo, usinunue, hata kwa nia ya kukirudisha, kabla hujawasiliana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Vigango huwekwa kwa ajili ya marehemu na havipaswi kung'olewa. Vingi vilivyo ng'ambo viliibwa.

KUBEBA NA KUSAFIRISHA

Kwa anayerudi na begi la kilo 23, habari ni fupi: fedha, karatasi, vito, sarafu, kauri iliyofungwa ndani ya nguo. Mgeni asitegemee kurudishiwa kodi uwanja wa ndege. Mpango huo ulifutwa Januari 1, 2021. Vitu vya zaidi ya miaka 50 vyenye thamani kubwa vinahitaji kibali cha kutolewa nchini, na muuzaji mzoefu atakuambia.

Wanaochangia kontena kwenda Mombasa au Dar es Salaam wafikirie hali ya hewa kabla ya uzuri. Samani nyingi za kifahari za karne ya 18 na 19 ni mbao ya kawaida iliyobandikwa ubao mwembamba wa mahogani au walnati kwa gundi ya wanyama. Joto na unyevu wa pwani huilegeza gundi hiyo na ubao unainuka pembeni. Kwa Nairobi au Arusha hatari ni ndogo. Kwa Tanga, Lamu au Unguja, chukua mbao nzima: mwaloni, msonobari mzito, mahogani isiyobandikwa. Mchwa tayari unao nyumbani, usiwaongezee bungua.

Wauzaji wengi wanapeleka mzigo ndani ya Uingereza kwa ada, na wa Tetbury wamezoea zaidi. Horncastle utategemea gari lako.

KWA HALI YAKO

Una siku moja, huna gari, unatoka London: chagua kati ya Hungerford na Lewes. Unapenda vitu vidogo na utulivu, nenda Hungerford. Unakwenda na familia au unataka ngome, vitabu na chakula kizuri pia, nenda Lewes.

Unataka meza moja ya kulia chakula itakayokaa kwako maisha yako yote, na pesa ipo: Tetbury, siku ya kazi, wenye maduka wanapokuwa na muda wa kuzungumza. Pesa ni ya kubana lakini meza ni ile ile: mnada wa Lewes, au Horncastle ukiwa na mtu mwenye gari la mizigo.

Unanunua zawadi za harusi au za wazazi nyumbani: Hungerford, kwa kuwa unalinganisha vibanda vingi chini ya paa moja na risiti inaandikwa. Vijiko sita vya fedha vyenye simba na nanga havitalemea begi.

Unataka kuanza kuuza mtandaoni: Newark Alhamisi, Horncastle na Hemswell Ijumaa na Jumamosi. Baada ya hapo pita Tetbury hata kama hununui, utazame vibandiko vya bei kwenye vitu vinavyofanana na vyako. Ndipo utajua faida iko wapi.

Unakwenda Jumapili au Jumatatu: piga simu kwanza, mji wowote. Maduka madogo hufunga siku hizo, mengine hufunga hata Jumatano mchana, na wenye maduka wa peke yao huandika kwenye karatasi mlangoni kwamba wamekwenda mnadani.